Tasnifu kuhusu bustani za burudani: ni taaluma au mambo ya watoto?

*"Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia hapa Dar es Salaam. Binamu yangu anayeishi Marekani alinitumia video ya bustani ya Disney iliyoko Florida. Ndani yake kuna mji mzima uliojengwa kama wa pwani yetu, una maandishi ya Kiswahili ukutani na unaitwa Harambe. Tangu hapo nasoma kila ninachokipata kuhusu bustani za aina hiyo, na nataka ziwe mada ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu anasema hayo ni mambo ya watoto, hayana nadharia. Rafiki yangu anayesoma biashara ananiambia niandike mapato na gharama tu; mwingine wa fasihi anasema niandike kwamba ni ubeberu wa kitamaduni, basi. Mimi Florida sijafika na viza sina. Nibadilishe mada?"*

Marahaba. Mada usiibadilishe, ipunguze. Ninavyoisoma barua yako, hofu yako si moja. Unaogopa kwamba jambo hili halina hadhi ya kitaaluma, unaogopa kwamba utalazimika kuchagua kati ya utamaduni na biashara, na unaogopa kwamba asiyefika hana haki ya kusema. Hofu ya kwanza haina msingi kabisa. Ya pili inatokana na kosa ambalo hata wasomi wakubwa wamelifanya. Ya tatu ina ukweli wake, na tutaifikia.

Tuanze na msimamizi, kwa sababu bila saini yake hayo mengine hayaendi. Mwaka 1971 mwanauchumi Walter Oi alichapisha makala kuhusu bei za Disneyland, bustani ya kwanza ya Disney iliyoko California, katika Quarterly Journal of Economics, mojawapo ya majarida yanayoheshimika zaidi katika fani hiyo. Zama zile mgeni alilipa kiingilio getini, kisha ndani akatumia tiketi zilizopangwa kwa herufi, A hadi E, na E ndiyo ilikuwa ya vile vyombo vya kupanda vinavyogombaniwa. Oi akauliza: mwenye bustani apandishe kiingilio na kushusha bei ya ndani, au afanye kinyume chake? Mwenye ukumbi wa taarabu anayeamua kiingilio kiwe elfu tano na soda iuzwe mara tatu ya bei ya dukani anajibu swali lilelile. Tangu makala hiyo, bei ya sehemu mbili, yaani kiingilio kwanza kisha malipo ya kila unachotumia, imekuwa somo la kawaida katika vitabu vya uchumi, na hutumika kueleza hata ankara za simu na umeme. Disneyland yenyewe iliachana na tiketi za herufi mwaka 1982, ikabaki na kiingilio kimoja kinachokuruhusu kupanda chochote. Mpelekee msimamizi wako makala hiyo kabla ya kitu kingine. Ukitanguliza picha za Mickey atakuona mtoto kweli.

Kwenye sosholojia yenyewe, mtu wa kuanza naye ni Alan Bryman wa Uingereza. Hoja yake, aliyoikamilisha mwaka 2004, ni kwamba kanuni za bustani zimetoka nje ya geti na kuingia madukani, mahotelini na viwanja vya ndege. Alizitaja nne: mahali kuvishwa kisa, matumizi ya aina mbalimbali kuchanganywa hadi hujui kama umekuja kula, kununua au kutembea, bidhaa zenye nembo, na kazi ya kuigiza hisia, yaani mtu kulipwa ili aonekane amefurahi. Sasa ingia katika hoteli yoyote ya kitalii Zanzibar. Mlango wa nakshi uliochongwa juzi, mhudumu aliyevalishwa kanzu na kofia, "jambo" ya uchangamfu ambayo hakuna Mzanzibari anayemsalimia nayo jirani yake, duka la zawadi karibu na mapokezi. Mickey hayupo, lakini kanuni zote nne zipo. Ukimweleza hivyo, neno "mambo ya watoto" litamkwama.

Utakutana pia na Jean Baudrillard, mwanafalsafa wa Kifaransa, aliyeandika mwaka 1981 kwamba Disneyland ipo ili kuficha ukweli kuwa Marekani nzima ndiyo Disneyland. Ni sentensi tamu na wanafunzi huipenda mno. Inukuu mara moja, kisha endelea na safari yako. Baudrillard alisoma bustani kama mtu anayesoma shairi. Hakukaa na wageni wala wafanyakazi kuwauliza wanachokiona. Mlinganishe na John Van Maanen, ambaye aliwahi kuendesha vyombo vya Disneyland alipokuwa kijana, na mwaka 1991 akaandika juu ya "kiwanda cha tabasamu" akiwa profesa. Kwake unakuta mafunzo ya kutabasamu, sare zinazoitwa mavazi ya jukwaani, na ngazi za heshima ambamo wauza chakula wako chini kabisa. Unakuta pia kisasi: mgeni mkorofi hukazwa mkanda wa kiti kuliko inavyohitajika, huku mwendeshaji akimtabasamia vilevile. Tukio dogo kama hilo lina sosholojia nyingi kuliko kurasa nyingi za nadharia, na Van Maanen alilipata kwa kuwa alikuwa kazini, amesimama pale pale.

Rafiki yako wa biashara na yule wa fasihi, kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitu ambacho hakigawanyiki. Kinachouzwa katika bustani ni muda wa mgeni uliopangwa vizuri, na upangaji huo ndipo utamaduni na fedha vinapokutana.

Mwaka 1953 Walt Disney aliiajiri Stanford Research Institute imtafutie mahali pa kujenga. Harrison Price na wenzake wakapima watu wanakoishi, barabara kuu mpya zinakoelekea na hali ya hewa ilivyo, wakaishia Anaheim, kwenye mashamba ya michungwa kusini-mashariki mwa Los Angeles. Bustani ilifunguliwa Julai 17, 1955. Baadaye Price aliigeuza hesabu ile kuwa fani kamili. Unaanza na watu wanaoweza kwenda na kurudi siku moja, unaongeza watalii, unakadiria ni sehemu gani yao watakuja, unapata wageni wa mwaka. Halafu unachagua siku ya kujengea: yenye watu wengi, lakini si ile inayofurika kupita zote. Wageni watakaokuwamo ndani kwa pamoja siku hiyo ndio wanaoamua upana wa njia, idadi ya vyoo, meza na vyombo. Ukijenga kwa kipimo cha Idd, fedha zako zitalala mwaka mzima. Ukijenga kwa kipimo cha Jumanne ya kawaida, siku ya Idd watakutukana.

Kisha foleni. Chombo kikibeba watu 1,200 kwa saa na mbele yako wamesimama 600, utangoja nusu saa, upende usipende. Na aliyesimama foleni hanunui kitu. Mwaka 1999 Disney walileta FastPass, karatasi ya bure iliyokuandikia saa ya kurudi. Ilikuwa hisani kwa mgeni, na ilikuwa biashara pia, maana mgeni aliyefunguliwa kutoka foleni huelekea mgahawani au dukani. Mwaka 2021, pale Florida, mpango mpya wa kukwepa foleni ukaanza kulipiwa. Foleni iliyokuwa ikimsimamisha mwenye nacho na asiye nacho mstari mmoja sasa ina njia ya pembeni yenye bei. Mwanasosholojia anayeona hapo hakuna cha kuandika, mimi sijui anatafuta nini.

Kuhusu ubeberu wa kitamaduni, sisemi haupo. Nasema usiuanze kama jibu. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya Ufaransa: bustani ya Disney nje ya Paris ilipokuwa inakuja, mwongozaji wa maigizo Ariane Mnouchkine aliiita Chernobyl ya kitamaduni, yaani maafa mfano wa mlipuko wa kinu cha nyuklia, na ilipopata hasara watu wakahitimisha kwamba Wafaransa wameukataa Umarekani. Kisa hicho kinapendeza, lakini fungua vitabu vya hesabu, na uanzie Japani.

Tokyo Disneyland ilifunguliwa Aprili 15, 1983, na Disney hawakuwa na hisa hata moja. Mwenye mali ni kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Disney walipokea mrabaha, asilimia 10 ya viingilio na asilimia 5 ya vyakula na zawadi. Bustani ikafana mno, na Disney wakaona wamewaachia wengine kitoweo wakabaki na mchuzi. Ndiyo maana Ufaransa walichukua asilimia 49 ya hisa na kusimamisha hoteli zenye vyumba zaidi ya 5,000 kwa mkupuo mmoja, kwa mikopo mikubwa. Mlango ulifunguliwa Aprili 12, 1992, uchumi wa Ulaya ukiwa unadorora. Watu walikuja kwa mamilioni, lakini hawakulala hotelini wala kutumia kama ilivyotarajiwa, na riba haikungoja. Mwaka 1994 madeni yakapangwa upya, na mwanamfalme wa Saudi Arabia, Alwaleed bin Talal, akaingiza fedha. Makosa ya utamaduni yalikuwapo, sikatai: ndani ya bustani divai ilipigwa marufuku hadi mwaka 1993, na vyama vya wafanyakazi vililalamikia masharti ya mavazi na ndevu. Ila glasi ya divai haizai deni la mabilioni ya faranga. Hong Kong, ilikofunguliwa bustani nyingine mwaka 2005, serikali ndiyo iliyoshika asilimia 57 ya hisa. Kwa hiyo kila unapokutana na bustani mpya, kabla ya kuuliza inaharibu utamaduni wa nani, uliza ni nani aliyebeba hatari ya hasara. Mara nyingi jibu la swali la pili hukupa nusu ya jibu la kwanza.

Na Wajapani hawakumezwa. Barabara kuu ya mji mdogo wa Kimarekani, ambayo pale California inabeba utoto wa Walt Disney kule Missouri, Tokyo iliezekwa paa kwa ajili ya mvua ikageuka soko la maduka. Watafiti Mary Yoko Brannen na Aviad Raz wameonyesha, kila mmoja kwa njia yake, jinsi wenyeji walivyoichukua bustani wakaifanya yao. (Makala ya Brannen ya mwaka 1992 inaitwa "Bwana Mickey". Bwana wetu amefika Tokyo bila nauli.)

Sasa tuje Harambe, kilichokuwasha moto. Bustani yenye mji huo, Animal Kingdom, ilifunguliwa Aprili 22, 1998, na mbunifu wake mkuu alikuwa Joe Rohde. Mji ule ulichukua sura yake hasa kutoka Lamu: kuta za mfano wa mawe ya matumbawe, lipu iliyobanduliwa makusudi, matangazo yaliyochakazwa ili yaonekane ya zamani. Kutoka hapo mgeni hupanda gari kwenda "safari" yenye jina la Kilimanjaro, ambayo mwanzoni ilikuwa na kisa cha kuwafukuza majangili wa tembo. Lamu yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, miaka mitatu baada ya nakala yake kufunguliwa Florida.

Hapa unacho ambacho wengi walioandika juu ya Disney hawana. Mtafiti asiyejua lugha anaona pambo ukutani. Wewe unasoma tangazo, na unajua kama hicho ni Kiswahili cha Lamu, cha Nairobi au cha kamusi. Unaweza kuuliza maswali ambayo yeye hayamjii: mji huu unaodaiwa kuwa wa Waswahili una msikiti? Wanawake wako wapi? Kuna mtu anayeonekana anaishi mle, au wote wanauza na kuhudumia? Kwa nini uchakavu ndio alama ya Afrika, wakati bustani nyingine za kampuni hiyohiyo zinasifika kwa kung'aa? Zaidi ya hapo, picha za wageni, ramani na menyu zimejaa mtandaoni.

Lakini hofu yako ya tatu ndiyo inayohusika hapa. Video za mtandaoni hupigwa na mashabiki, na shabiki huelekeza kamera anapopenda. Huwezi kuzitumia kuandika wageni "wanahisi" nini, wala wafanyakazi wanapitia nini. Unaweza kuandika mahali panavyoonyeshwa na kuelezwa. Ukitaka zaidi, watafute Waafrika Mashariki walioko Marekani waliowahi kufika, uwahoji kwa simu. Binamu yako awe wa kwanza kukuelekeza, ila yeye mwenyewe usimhoji, mko karibu mno. Ukiiandika mipaka hiyo wazi katika sura ya mbinu, hakuna mtahini atakayekulaumu kwa viza.

Kuna njia nyingine, na mimi ndiyo ningeipita. Mwanaanthropolojia Edward Bruner alichapisha mwaka 2001 uchunguzi wa sehemu tatu za Kenya ambako Wamasai au ngoma za makabila huonyeshwa. Moja ilikuwa shamba la Mayers, ambako familia ya walowezi wa Kiingereza iliwaonyesha watalii Wamasai kama watu wa kale, hadi serikali ikapafunga miaka ya 1980. Ya pili ni Bomas of Kenya, mali ya taifa, ambako wachezaji wa kulipwa walicheza ngoma za makabila yote bila kujali kabila la mchezaji, na watazamaji wengi walikuwa Wakenya wenyewe. Ya tatu ni tafrija ya jioni ya watalii huko Maasai Mara, ambako Wamasai waliwaimbia wageni nyimbo ambazo wageni hao wamezijua kwenye filamu. Ngoma zinafanana kwa mbali, lakini mwenye mali, mtazamaji na maana ni tofauti kila mahali. Mfano wa utafiti mzuri kuliko huo kwa mwanafunzi wa ukanda huu siujui.

Wewe unacho Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, nauli ya daladala tu. Nyumba za makabila zimepangwa uwanja mmoja, kuna ngoma, kuna wanafunzi wa shule, watalii na wapenzi waliokuja kupiga picha. Si bustani ya biashara kama ya Disney, na usidai kuwa ni hiyo. Lakini maswali ya Bryman, Price na Bruner yanaingia yote: njia ya mgeni imepangwaje, anakaa muda gani, anatumia fedha wapi, nani analipwa kuigiza nini, nani kachaguliwa kuliwakilisha taifa na nani kaachwa nje. Harambe iwe sura moja ya ulinganisho, Makumbusho iwe kiini. Florida wamejenga pwani yetu kwa ajili ya wageni. Kijitonyama tumejijenga wenyewe kwa ajili yetu na ya wageni. Hapo mada yako inakamilika bila viza.

Bustani za maji na viwanja vya michezo vya watoto vya jijini nisingevishauri kwa tasnifu ya mwaka mmoja. Wenye biashara hawapendi kuonyesha daftari la mauzo, na mwanafunzi anayesubiri takwimu za mtu binafsi huishia kuongeza muhula.

Uwe mwangalifu na tarakimu. Disney hawachapishi idadi ya wageni wa kila bustani yao. Orodha za kila mwaka za TEA, chama cha wabunifu wa vivutio vya burudani, ambazo kwa miaka mingi zilitolewa pamoja na kampuni ya AECOM, ni makadirio, na yaandikwe kama makadirio. Oriental Land, kwa kuwa wanaendesha Tokyo kama kampuni yenye hisa zinazouzwa sokoni, huchapisha: mwaka wao wa fedha wa 2018 bustani zao mbili zilipokea wageni milioni 32.56, na taarifa zao hugawanya matumizi ya mgeni kati ya tiketi, bidhaa na vyakula. Taarifa hizo ni za bure, na zitakufaa kuliko makala kumi za magazeti. Ripoti zinazodai kwamba bustani "itazalisha ajira" maelfu zisome ukiuliza nani aliilipia ripoti, na kama fedha hizo ni mpya au zimehama tu kutoka sinema na migahawa ya mji uleule.

Yako mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Kabla hujamhoji mtu yeyote, nenda ofisi ya shahada za uzamili chuoni kwako ukaulize utaratibu wa kibali cha utafiti. Ukiamua kuvuka mpaka kufanya utafiti Kenya, wana leseni yao ya NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, na inaombwa mapema. Ukitaka kuzungumza na watoto wa shule, ridhaa ya mzazi si hiari. Ukihoji wacheza ngoma au wahudumu, kaa kwanza na mtu mwenye uzoefu wa maadili ya utafiti, kwa sababu sentensi moja inayotambulika inaweza kumpotezea mtu kibarua. Ukipanga dodoso la watu zaidi ya mia, mwone mtakwimu kabla ya kulichapa. Data ikishakusanywa vibaya hata yeye hataweza kuiokoa.

Na msimamizi akiendelea kukataa hata baada ya kumpelekea Oi, Bryman na Bruner pamoja na kurasa mbili za mapendekezo yako, usibishane naye kwa ujumbe wa simu. Omba miadi, nenda ana kwa ana, umuulize ni sehemu gani hasa inayomtia shaka: mada, mbinu au upatikanaji wa data. Akitaja data, ana haki, mjibu kwa Kijitonyama. Akitaja mada tu bila sababu, mwone mratibu wa programu kwa heshima na uombe ushauri wa msimamizi wa pili, ikiwezekana kutoka idara ya utalii au ya historia. Fanya hivyo mwanzoni mwa muhula, wakati wao bado wana nafasi na wewe bado una muda.